Risasi Ikiingia Kwenye Bunduki ya Babu, Je, Ni Yake?

Watu wakitoka Kalenga kutazama makumbusho ya Mtwa Mkwawa, mazungumzo ya kurudi Iringa mjini hayakosi bunduki. Itatajwa Lugalo, Agosti 17, 1891, siku Wahehe walipokivunja kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski na kuondoka na silaha zake. Kisha mmoja kutoka kiti cha nyuma atasema, "Hata kwetu ipo moja ya babu, ya Mjerumani. Na risasi za siku hizi zinaingia vizuri tu."

Kauli hiyo nimeisikia Kalenga, nimeisikia Mafinga, nimeisikia kwenye msiba kule Tukuyu, na kila mara wasikilizaji hutikisa vichwa kukubali. Mimi hushtuka. Baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori, nikakua naona bunduki zikisafishwa mezani, na jambo la kwanza alilonikataza halikuwa kugusa kifyatulio. Alinikataza kuamini kwamba risasi inayoingia ndiyo inayofaa. Makala haya ni ya kueleza kwa nini, kwa yule mwenye bunduki ya kale ya urithi iliyo halali, yenye leseni. Kama ya kwenu haina leseni, swali la risasi bado halijafika. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka uanzie polisi.

Tuanze na neno lenyewe, maana sehemu ya mkanganyiko inatoka kwenye Kiswahili chetu. "Risasi" kwetu ni madini, yale mazito laini ya kijivu. Risasi pia ni kile kinachoruka na kumpiga mnyama. Na risasi ni kile kitu kizima unachokinunua dukani kwenye boksi. Vitu vitatu, jina moja. Hapa nitasema risasi nikimaanisha kile kizima, nacho kina sehemu nne: ganda, mara nyingi la shaba, fataki ndogo iliyopachikwa kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Upande wa bunduki tunahitaji maneno matatu tu. Chemba ni chumba ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa. Komeo ndilo linaloifunga chemba kwa nyuma, kati ya mlipuko na uso wako. Mtutu ni bomba, na ndani yake kuna mifereji inayozunguka kama uzi wa skrubu, ili kichwa kikitoka kiwe kinapota na kisiyumbe.

Ukiangalia mpangilio huo utaona kwamba kuingia kwa risasi kunakuambia jambo moja tu, kwamba ganda limeenea kwenye chemba. Hakukuambii unene wa kichwa ukilinganisha na mtutu. Hakukuambii ndani ya ganda kuna baruti ya aina gani. Ni kama ufunguo unaoingia kwenye tundu la kitasa: umeingia, lakini hujajua ukiuzungusha kitafunguka au utakatikia humo.

Sasa baruti, maana hapa ndipo bunduki za kale zinapoachana na za sasa. Kwa karne nyingi dunia ilitumia baruti nyeusi. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hugeuka moshi na masizi, na kinachobaki ndicho gesi inayosukuma kichwa. Ni kama kupikia kuni mbichi, moshi umejaa jiko zima na chungu hakijachemka. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyo na moshi, na hiyo karibu yote hugeuka gesi. Ndani ya miaka michache majeshi ya Ulaya yote yakaihamia.

Tofauti ya nguvu ionekane kwa namba. Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya kijeshi ya Wajerumani yenye kipenyo cha milimita 11, ilibeba gramu 5 hivi za baruti nyeusi, zaidi kidogo ya kijiko cha chai cha sukari, na kichwa cha gramu 25 cha risasi tupu, yaani madini. Iliyoifuata, ya mwaka 1888, ilibeba chini ya gramu 3 za baruti mpya, na kichwa chake chembamba kilikimbia kwa kasi iliyozidi ile ya kwanza kwa karibu nusu. Baruti kidogo, kazi kubwa.

Kazi hiyo haitoki bure, inalipwa na chuma. Gesi ikizaliwa ndani ya ganda husukuma pande zote: mbele kwenye kichwa, kando kwenye kuta za chemba, nyuma kwenye komeo. Anayejua ulanzi ataelewa haraka. Mimina ulanzi unaochacha kwenye dumu, kaza kifuniko, weka juani. Dumu litavimba, na kifuniko kisipolegezwa litapasuka. Dumu halikuwa bovu, isipokuwa halikutengenezwa kwa presha ile. Tairi la bodaboda hujazwa upepo wa takriban bar 2. Risasi ya kisasa ya Mauser, ile inayoitwa 8x57 JS (kipenyo cha milimita 8 hivi, ganda la urefu wa milimita 57), kwa viwango vya Ulaya inaruhusiwa kufika bar 3,900. Bunduki za baruti nyeusi zilisukwa kwa presha isiyofika nusu ya hiyo. Chuma chake kilikuwa laini zaidi, na makomeo mengi yalishikwa na kikonyo kimoja tu.

Wazee wetu waliuona mpito huu kwa macho. Vita ilipoanza mwaka 1914, kombania nyingi za askari wa Kijerumani katika nchi hii zilikuwa bado na Mauser ile ya 1871. Askari akipiga risasi moja, wingu la moshi linasimama juu yake na adui anajua alipo. Waliposhinda Tanga, Novemba 1914, walifurahia bunduki mpya za Waingereza walizoziteka kama walivyofurahia ushindi wenyewe. Na vita ikaja mpaka huku. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Northey yalipanda kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, yakapita Malangali hadi Iringa, na ilipokwisha, Novemba 25, 1918, kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Kwa hiyo nyanda hizi zilipitiwa na bunduki za vizazi viwili kwa wakati mmoja, za moshi na zisizo na moshi. Baadaye wakaja walowezi na bunduki zao za kuwindia, Wajerumani wa Mufindi na Wagiriki wa tumbaku wa Iringa. Ndiyo maana huwezi kusema "bunduki ya Mjerumani" ukadhani umeshaitaja.

Mkasa ulionifanya nikae chini kuandika ulitokea Ifunda. Mzee mmoja pale alirithi bunduki ya kuwindia kutoka kwa baba yake, ambaye aliachiwa na mlowezi aliyemfanyia kazi. Karatasi zake zote ziko sawa. Kwa miaka ilikaa tu. Nguruwe pori walipoanza kumaliza mahindi, akatafuta risasi, na muuzaji akamtolea boksi. Juu ya boksi imeandikwa 8x57 JS. Kwenye mtutu imechongwa 8x57 J. Muuzaji alimwambia ni kitu kilekile.

Nilimkuta amekaa barazani, boksi liko kwenye stuli.

"Kamwene, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone, nimeijaribu. Inaingia kama siagi."

"Umeshaipiga?"

"Bado. Nasubiri jioni."

Nilimwomba asisubiri jioni, asubiri kesho, twende kwa fundi.

Herufi ile moja ina historia yake. Ile J kwa kweli ni I, ya neno la Kijerumani lenye maana ya askari wa miguu, ila kwa mwandiko wao wa zamani I na J zilifanana. Risasi ya mwaka 1888 ilikuwa na kichwa cha milimita 8.08. Mnamo 1905 jeshi la Ujerumani likahamia kichwa kipya chenye ncha, kinene zaidi, milimita 8.20, likakiongezea herufi S. Bunduki nyingi za kijeshi za 1888 zikarekebishwa na kupigwa muhuri wa S. Lakini mafundi wa bunduki za kuwindia hawakulazimika kufuata jeshi. Waliendelea kutengeneza mitutu ya kipenyo cha zamani miaka mingi baada ya hapo, hata miaka ya 1920 na 1930. Hivyo bunduki inaweza kuwa ya mlowezi wa juzi tu na bado ikawa na mtutu wa 1888.

Tofauti ya 8.08 na 8.20 ni milimita 0.12. Chukua karatasi moja ya daftari, ishike kwa vidole viwili. Ni unene wa namna hiyo. Mtu atauliza, karatasi moja inaweza kuua? Kichwa cha kisasa kimevikwa koti gumu la shaba, na kinalazimishwa kupita kwenye tundu dogo kuliko chenyewe wakati gesi nyuma yake inaongezeka ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Kikisita kidogo tu mlangoni, presha inapanda. Bunduki imara, ya chuma kizuri, huenda ikavumilia mara kumi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Iliyochoka inafungua nyufa usizoziona, na siku moja ganda linapasuka na gesi ya moto inarudi kupitia komeo, machoni.

Hofu hii si ya watu wa Ifunda peke yao. Marekani, kwa sababu ya bunduki hizihizi, viwanda vyao vimeweka kikomo cha chini mno kwa risasi hiyo, kiasi kwamba 8x57 iliyotengenezwa kwao ina presha ndogo sana kuliko ya Ulaya. Jina moja, boksi mbili, nguvu tofauti. Wala usichukulie hiyo kuwa ruhusa ya kupiga ya Marekani kwenye mtutu mdogo. Kipenyo bado ni kilekile kikubwa.

Kesho yake fundi, mjini Iringa, hakuitazama hata namba iliyochongwa. Alihakikisha bunduki ni tupu, akatoa komeo, akapaka mtutu mafuta kidogo. Akachukua kipande cha risasi laini, madini, kinene kuliko tundu, akakiingiza kwa nyundo ndogo ya mbao, tok, tok, kisha akakisukuma taratibu kwa fimbo ya shaba mpaka kikadondokea kwenye kitambaa upande wa pili. Kilitoka kinang'aa, kimechorwa mistari minne iliyolala upande, picha kamili ya ndani ya mtutu. Akakipima kwa kaliper, kifaa cha kupimia unene, kwenye sehemu zilizoinuka, maana hizo ndizo kina cha mifereji. 8.09. Akampa mzee kaliper aishike mwenyewe, kisha akachomoa risasi moja kwenye boksi, akapima kichwa chake pale kinapotokea kwenye ganda. 8.20.

Mzee akanyamaza muda mrefu. Akasema, "Na dukani waliniambia ni kitu kilekile."

Kipimo hiki cha kusukuma risasi laini ndicho ninachokiamini kuliko maandishi yoyote. Mitutu hubadilishwa, mihuri hufutika, namba hupigwa upya. Mihuri isomwe, ndiyo, maana inasaidia. Kwenye bunduki nyingi za Uingereza utaona herufi NP au maneno ya majaribio ya nitro, yaani ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Ikiwa na BP peke yake, ilijaribiwa kwa baruti nyeusi na ibaki huko. Za Kijerumani za kuwindia zinaweza kuwa na N yenye taji juu yake, maana yake ni ileile ya nitro. Lakini muhuri unaeleza hali ya siku ile kiwandani. Hauelezi miaka themanini ya kutu na kuanguka.

Kuna bunduki za Martini za Waingereza ambazo ni mtego wa aina yake. Kwa nje zinafanana, zote zina wenzo ule wa chini wa kushusha ili kufungua. Ya mwaka 1871 ilikuwa ya baruti nyeusi na kichwa kizito cha gramu 31. Baadaye baadhi zikawekewa mtutu mwembamba wa .303, yaani kipenyo kwa inchi. Na hiyo .303 yenyewe ilianza mwaka 1888 ikiwa na baruti nyeusi, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikahamia baruti isiyo na moshi bila kubadili umbo la ganda. Anayechagua risasi kwa kutazama sura ya bunduki atakosea hapo bila kujua.

Mauser ya 1871 nayo ina mdogo wake, 71/84, yenye bomba la kuhifadhi risasi nane chini ya mtutu, zimelala mkia kwa kichwa. Humo ndani pua ya risasi moja inaegemea fataki ya iliyo mbele yake. Bunduki ikirudi nyuma kwa mshindo, zote zinagongana. Ndiyo sababu risasi zake zilitengenezwa na pua bapa. Ukimwekea yenye ncha umeweka msumari nyuma ya fataki.

Wenye shotigani za kale wasidhani wamepona, na kwa kweli huku kwetu ndio wengi. Shotigani nyingi za zamani za kipimo cha 12 zina chemba ya milimita 65. Risasi za leo za kawaida ni za milimita 70. Zinaingia bila shida yoyote, kwa sababu urefu huo wa 70 hupimwa risasi ikiwa imeshafyatuliwa na mdomo wake umefunguka. Kabla ya hapo mdomo umekunjwa, ni fupi. Ukifyatua, mdomo unafunguka mahali ambapo chemba imeshaanza kubana, marisau yanapita kwenye koo lililozibwa, na presha inaruka. Kwenye mitutu ile mizuri yenye michoro ya mawimbi, iliyosukwa kwa kuzungusha vipande vya chuma na kuviunga kwa moto, kila kiungo ni mahali pa kuachia.

Watu hunijibu kwamba chuma cha zamani kilikuwa kigumu kuliko cha sasa, Mjerumani hakutengeneza kitu cha mchezo. Kilikuwa kinene na kilisukwa kwa uangalifu, nakubali, na daraja zake bado tunavukia. Lakini unene si uimara wa aina zote. Mafundi wa wakati huo hawakuwa na njia za leo za kupika chuma na kukipima ndani. Kipande kimoja kilikuwa kizuri, cha pili kikawa na doa katikati ambalo hakuna aliyeliona. Ni kama bomba la maji la zamani mtaani. Miaka yote linatoa maji, usiku ule msukumo unapoongezwa ndipo linapasuka, na linapasukia pale palipokuwa dhaifu tangu siku ya kwanza.

Wengine hupendekeza kufungua risasi ya kisasa, kupunguza baruti nusu, na kuirudishia. Nasihi kwa nguvu zote mtu asifanye hivyo. Baruti isiyo na moshi haipungui nguvu kwa mstari ulionyooka kama sukari kwenye chai. Kiasi kidogo mno kinaweza kukiacha kichwa katikati ya mtutu. Hapo utasikia mlio hafifu, puf, badala ya mshindo. Ukisikia hivyo, simama. Usipige ya pili. Risasi ya pili ikikutana na kichwa kilichokwama, mtutu unapasuka, hata kama ni mpya wa jana.

Kuna pia risasi za kale zenyewe, zile za kwenye kopo la kahawa la marehemu au zinazookotwa jembe likilima sehemu kulikopiganiwa mwaka 1916. Za kuokota zisipigwe, zisigongwe, zisitiwe motoni, itwe polisi. Za kwenye kopo zina matatizo mawili. Ganda la shaba hukauka na kupasuka shingoni kwa umri. Na baruti iliyokula unyevu huchelewa: unafyatua, kimya, unadhani ni mbovu, unafungua komeo, na hapo ndipo inalipuka. Kwa hiyo ikigoma, mtutu ubaki umeelekezwa kwenye tuta na mkono usiguse komeo kwa nusu dakika nzima au zaidi. Fataki nyingi za zamani za kijeshi huacha pia chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo haiondoki kwa mafuta, inaondoka kwa maji ya moto, kisha unakausha, kisha ndipo mafuta. Kwa ukungu wa Makete au Mufindi, usiku mmoja unatosha kuona wekundu.

Basi inayofaa ni ipi? Kwa bunduki ya baruti nyeusi ni risasi iliyotengenezwa kwa baruti nyeusi, ganda la umbo lake asilia, kichwa cha madini laini yasiyovikwa shaba, cha kipenyo kilichotokana na kipimo cha mtutu huohuo. Kwa bunduki za mpito, kama ile ya Ifunda, ni risasi yenye jina kamili la mtutu, herufi kwa herufi. Za J bado zinatengenezwa Ulaya, kwa uchache, na ni ghali. Na kabla ya yote hayo fundi aangalie komeo linafunga kwa kubana, chemba haina nyufa, mtutu haujavimba popote. Kwa bunduki nyingi nilizoziona huku, baada ya ukaguzi huo jibu la kweli limekuwa kwamba isipigwe tena. Jibu hilo huwauma wenye nazo, nami huniuma, maana bunduki iliyokaa kimya inaonekana kama mzee aliyenyimwa neno kwenye kikao. Bado ni bora kuliko jicho.

Mzee wa Ifunda alirudisha boksi. Nguruwe wanafukuzwa na mbwa na vijana wa jirani, na bunduki imetiwa mafuta, imefungiwa. Tulipokuwa tunaondoka kwa fundi alikiomba kile kipande cha risasi laini chenye mistari minne. Sasa anakaa nacho kwenye mfuko wa shati. Mtu akimwambia barazani kwamba risasi za kisasa zinaingia vizuri tu kwenye bunduki ya babu yake, anakitoa, anamwekea kiganjani, na kumwuliza, "Ya kwenu umeipima?"